Waliotoka Dulwich: kwa nini shule iandike majina ya watoto wake wote

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mwaka wa wahitimu wa shule yetu, wilayani Muheza. Wengi waliokuwa safarini wameniomba niiweke yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wangu mliotangulia, wazee wetu, kaka na dada zangu, na ninyi wanafunzi wa kidato cha nne mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa mada ya wahitimu na maisha. Najua wengi mmetegemea niwataje waheshimiwa waliopita kwenye madarasa haya. Hao wanatajwa kila mwaka na wataendelea kutajwa. Leo naomba twende mbali kidogo, kusini mwa London, kwenye shule ya wavulana inayoitwa Dulwich College. Ina umri wa miaka zaidi ya 400.

Mtaniuliza: Mwalimu, Muheza na Dulwich wapi na wapi? Nipeni muda. Mmoja wa wavulana wa shule ile alifariki hapa kwetu, Hegongo, Magila, mwezi Novemba mwaka 1924. Tutafika kwake. Lakini sikuichagua kwa sababu yake peke yake. Nimeichagua kwa sababu shule ile imeandika majina ya watoto wake. Mwaka 1926 ilichapisha rejista ya wanafunzi wake kuanzia 1619. Fulani, aliingia lini, alitoka lini, akawa nani, akafia wapi. Mistari miwili mitatu kwa kila mmoja. Nataka tuwaangalie wachache waliomo katika orodha ile, kisha tujiulize sisi tumewaandika akina nani.

Tuanze na mwanzilishi. Edward Alleyn hakuwa askofu wala mtoto wa mfalme. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni mjini London. Yeye alikuwa mwigizaji, mmoja wa waigizaji wawili watatu waliosifiwa kuliko wote katika zama za Shakespeare. Wahusika wakuu wa tamthilia za mwandishi Christopher Marlowe, watu waliokuja jukwaani kwa kishindo, ndiye aliyewaigiza. Fedha alizipata kwenye majumba ya maigizo na pia kwenye michezo ya kupambanisha dubu na mbwa, mchezo wa kikatili ambao leo tungeupiga marufuku. Kwa fedha hizo akaanza kununua ardhi ya Dulwich mwaka 1605, na mwaka 1619 akapata hati ya Mfalme James wa Kwanza kuanzisha nyumba ya kulea watu. Watu gani? Wazee maskini sita wanaume, wazee maskini sita wanawake, na watoto maskini kumi na wawili wa kusomeshwa.

Watoto kumi na wawili! Shule yenye jina kubwa namna ile ilianza na watoto wanaoenea kwenye mabenchi matatu. Na wote walikuwa wa maskini.

Alleyn alikuwa na tabia moja ambayo naipenda sana: aliandika. Daftari lake la kila siku la miaka ya 1617 hadi 1622 lipo mpaka leo kwenye hifadhi ya shule. Kanunua nini, kalipa nani, kala na nani. Na pamoja nalo lipo daftari la hesabu la Philip Henslowe, mkwewe na mshirika wake katika biashara ya maigizo. Leo hii msomi yeyote anayetaka kujua jumba la maigizo la London liliendeshwaje miaka ya 1590, mshairi alilipwa kiasi gani, vazi la jukwaani liligharimu nini, lazima alifungue daftari lile. Henslowe alikuwa anaweka hesabu zake tu. Hakujua kwamba anawaandikia wajukuu wa wajukuu.

Ndugu zangu, sitaki mdhani ninawaletea shule ya malaika. Nyumba ile ya watoto maskini ilibadilika. Karne ya 19 Bunge la Uingereza likaiunda upya, majengo mapya makubwa yakafunguliwa mwaka 1870, na ada ikawa ndiyo ufunguo wa geti. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mkuu wa shule Christopher Gilkes aliufungua tena mlango: halmashauri zikawalipia ada wavulana waliofaulu mtihani, na kwa miaka mingi walijaza sehemu kubwa ya madarasa. Watoto wa makarani na mafundi wakakaa kwenye dawati moja na watoto wa wenye mabenki. Kisha siasa za elimu zikabadilika miaka ya 1970, na mlango ule ukafungwa kwa wengi. Leo zipo nafasi za ufadhili, lakini mzazi wa kawaida wa London hawezi ada ile. Kwa hiyo orodha ninayoisifu ina upungufu wake: haina majina ya waliozuiwa getini. Tuliweke hilo moyoni, kwa maana hata sisi tuna wa kwetu.

Sasa tuingie darasani. Mwaka 1887 aliingia pale kijana wa Kiairishi anayeitwa Ernest Shackleton. Je, alikuwa wa kwanza darasani? Hapana. Alikuwa wa pili? Hapana. Walimu walimwona mvivu, akili haipo kwenye kitabu. Akiwa na miaka 16 akaacha shule akaenda kufanya kazi melini. Kwa hesabu zetu za leo, huyu ni wa kuandikwa "aliacha masomo" na ukurasa kufungwa.

Mnajua yaliyofuata. Mwaka 1914 Shackleton aliongoza safari ya kwenda kulikatiza bara la Antaktika. Meli yake, Endurance, ikanaswa na barafu, ikabanwa kwa miezi, ikazama Novemba 1915. Watu 28 wakabaki juu ya barafu na mashua tatu ndogo. Aprili 1916 wakafika Kisiwa cha Elephant, mahali pasipopita meli yoyote. Shackleton akachukua wenzake watano, wakaondoka na mashua moja ya karibu mita saba, James Caird, kuvuka takriban kilomita 1,500 za bahari mbaya kuliko zote duniani, mpaka South Georgia. Wakafika. Na walipofika walikuwa upande usio na watu, ikabidi yeye na wawili wavuke milima ya theluji kwa miguu, saa 36. Agosti 30, 1916, baada ya majaribio matatu kushindikana, akarudi Kisiwa cha Elephant na meli ndogo ya Chile. Watu 22 aliowaacha, akawakuta wote 22 wako hai. (Upande wa pili wa bara, kikosi chake kingine kilipoteza watu watatu. Haifai kulificha.)

Mashua ile iko wapi leo? Iko Dulwich. Iliipata shule mwaka 1922, zawadi ya John Quiller Rowett, mfanyabiashara aliyesoma na Shackleton pale pale na aliyegharamia safari yake ya mwisho. Mmesikia hilo? Mwanafunzi mvivu aliyetoroka vitabu, fedha ya safari yake ya mwisho ilitoka kwa mwanafunzi mwenzake. Mnaokaa kwenye makundi yetu ya simu mkichangiana harambee za misiba na harusi, hilo mnalielewa bila kufafanuliwa.

Lakini hapa naomba tusimame, kwa sababu kuna mtu ambaye hayumo kwenye rejista ya Dulwich. Anaitwa Harry McNish, seremala. Yeye ndiye aliyeinua mbavu za James Caird kwa mbao alizookoteza, akaifunika kwa vipande vya mbao na turubai iliyoganda kwa barafu, akaziba nyufa kwa rangi za mchoraji wa msafara na damu ya sili. Bila mikono ya seremala yule hakuna safari, na bila safari hakuna shujaa. Aliwahi kubishana na mkubwa wake kule kwenye barafu. Siku ya kugawa medali, Shackleton hakulipeleka jina lake. Mimi namheshimu sana Shackleton, lakini katika hilo sikubaliani naye, na nasema hivyo mbele ya wanafunzi ili wajue kwamba mtu mkubwa anaweza kukosa haki kwenye jambo dogo la kuandika jina moja.

Sasa turudi nyumbani.

Alisoma Dulwich pia kijana anayeitwa Frank Weston, aliyezaliwa 1871. Huyu alikuwa bingwa wa vitabu. Alikwenda Oxford akatoka na daraja la kwanza katika teolojia. Mwaka 1898 akaja Unguja na UMCA, misheni ya Kianglikana. Akafundisha, akawa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, na mwaka 1908 akawa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilifika mpaka huku kwetu bara. Kiswahili alikijua mpaka akahubiri kwa lugha hiyo bila karatasi. Alianzisha pia shirika la masista ambao bibi zetu wengi walizaliwa mikononi mwao.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Waingereza walihitaji wapagazi. Wale waliokaa Dar es Salaam wanapita Kariakoo kila siku, mahali jeshi la wapagazi lilipopiga kambi. Mwaka 1916 Askofu Weston aliunda kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar na akawaongoza mwenyewe, kwa cheo cha Meja, akitembea nao. Hakutaka watu wake wakabidhiwe kwa mtu atakayewaona kama mizigo inayobeba mizigo.

Vita vikiwa bado vinaendelea akaandika dhidi ya ukatili wa utawala wa Wajerumani. Hilo lilikuwa rahisi, Wajerumani walikuwa adui wa vita. Jambo gumu lilikuja baadaye. Mwaka 1919 serikali ya Kiingereza huko Kenya ilitoa waraka ukiwataka maofisa na machifu wawasukume Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Viongozi kadhaa wa misheni walitaka masharti ya waraka yalegezwe. Weston alisema hapana. Alisema kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya mwingine ni uovu, hata bendera iliyo juu ikiwa ni ya nchi yako. Akaandika kijitabu mwaka 1920, akakipeleka London, akaisumbua serikali yake mwenyewe. Kelele za watu kama yeye zilisaidia: mwaka 1921 Wizara ya Makoloni iliagiza maofisa wasijihusishe tena na kuwatafutia vibarua waajiri binafsi.

Alikuwa na makosa yake, alikuwa mkali kwa Wakristo wasiokubaliana naye, na aliishi ndani ya mfumo wa kikoloni. Hayo pia yaandikwe. Lakini nani hapa anaweza kusema haya si maisha ya kujivunia kwa shule yoyote?

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Wahitimu wa Dulwich waliokufa katika vita ile ni zaidi ya 500. Shule inawajua. Wengine walikufa wakiwa na miaka 19, hawakufika kuwa chochote, hawakuvumbua, hawakutawala. Jina lipo, tarehe ipo, mahali papo. Na wapagazi waliotembea na Weston je? Na wapagazi wengine wote wa Afrika Mashariki? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ya kujichunguza yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakiitumikia Dola ya Kiingereza katika vita ile, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri.

Wale walikuwa na majina. Waliitwa Mhina, waliitwa Juma, waliitwa Kamau na Otieno, waliitwa majina ambayo mnaitwa ninyi mliokaa hapa. Walikuwa na mama waliowasubiri. Aliyekuwa na kalamu hakuona sababu ya kuandika. Tunalaumu, na tuna haki ya kulaumu. Lakini sasa kalamu iko mkononi mwetu. Tumemwandika nani?

Nitawapitia wengine kwa haraka. P. G. Wodehouse alisoma Dulwich mpaka 1900, akaipenda shule ile maisha yake yote. Baba yake akasema fedha ya Oxford hakuna, akamwingiza benki. Akaandika usiku, akaacha benki baada ya miaka miwili, akawa mwandishi anayesomwa dunia nzima. Kisha mwaka 1940 Wajerumani wakamkamata Ufaransa, na walipomwachia mwaka uliofuata akakubali kuzungumza kwenye redio yao, mjini Berlin, akieleza maisha ya kifungoni kwa namna ya kuchekesha. Nchi yake ilikuwa inapigwa mabomu. Walimwita msaliti. Wachunguzi hawakuona usaliti, waliona ujinga, lakini hakurudi tena Uingereza mpaka kifo chake Marekani mwaka 1975, wiki chache baada ya kupewa heshima ya Sir. Leo maktaba ya shule yake ina jina lake, na chumba chake cha kuandikia kimewekwa humo. Hawakumfuta. Waliandika sifa na waliandika aibu.

Raymond Chandler aliingia mwaka ule ule Wodehouse alipotoka. Baba aliwatelekeza yeye na mama yake, mjomba ndiye aliyemlipia. Aliacha kazi ya serikali, akapigana vita, akafanya kazi kwenye kampuni ya mafuta California, akafukuzwa mwaka 1932 kwa ulevi. Akiwa na miaka 44, hana kazi, akajifunza kuandika hadithi za upelelezi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka akiwa na miaka 50. Mwanafunzi wetu aliyefukuzwa kazi mwaka jana na akaacha kuja kwenye mikutano hii kwa aibu, naomba mtu amfikishie habari hii.

Na waliokuja kutoka mbali. Michael Ondaatje aliletwa kutoka Sri Lanka mwaka 1954 akiwa mtoto, akasoma Dulwich, akahamia Kanada, akawa mwandishi, akashinda tuzo ya riwaya ya Booker mwaka 1992. Chiwetel Ejiofor, mwigizaji wa filamu, mtoto wa wazazi wa Kinaijeria, alimpoteza baba kwenye ajali ya gari Nigeria akiwa na miaka 11, naye akiwa ndani ya gari lile. Aliigiza Dulwich, katika shule iliyojengwa kwa fedha ya mwigizaji.

Sasa nije kwetu. Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule niliingia stoo kutazama madaftari ya maandikisho. Yapo. Mchwa wamekula kona, lakini wino unasomeka. Kila ukurasa una safu zake: jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, jina la mlezi, kazi ya mlezi. Mkulima, mkulima, mkata mkonge, mkulima, fundi cherehani, mkata mkonge. Safu ya mwisho imeandikwa "Maelezo". Ukurasa baada ya ukurasa, safu hiyo ni tupu. Pale palipojazwa, neno ni moja: "Ameacha." Ameacha kwa nini? Ameenda wapi? Binti aliyeacha kidato cha pili, je, hakuwa mtu tena baada ya siku ile? Huenda ndiye anayesambazia soko zima la Muheza machungwa. Huenda ndiye aliyemzaa daktari. Sisi hatujui, kwa sababu hatukuuliza.

Msiseme uandishi huu ni wa Wazungu. Mwaka 1887 zilichapishwa simulizi zilizoandikwa na wavulana wa Kiungani, watoto waliookolewa kutoka utumwani, wakieleza wenyewe walikotekwa, walikopitishwa, walivyouzwa. A. C. Madan alizikusanya na kuzitafsiri, lakini maneno ni ya watoto wenyewe, na leo ni hazina kwa wanahistoria. Watoto wale hawakuwa na baba wala fedha. Walipewa kalamu wakaandika maisha yao. Sisi wenye simu za mkononi tunashindwa nini?

Kwa hiyo, Mwenyekiti, naleta ombi rasmi kwa mkutano huu. Kila darasa lichague mtu mmoja wa kuandika. Akusanye majina ya wote walioanza kidato cha kwanza naye, wote walioanza, si waliomaliza tu. Kwa kila jina mistari mitatu: alitoka wapi, alifanya nini, yuko wapi au alizikwa wapi. Aliyefungwa aandikwe kama familia yake itaridhia. Aliyekufa mdogo aandikwe. Wapishi wetu na mlinzi aliyekesha getini tuwape ukurasa wao, tusirudie kosa la Shackleton. Wanafunzi wa kidato cha nne, nyinyi mna mwandiko mzuri na miguu mepesi: nendeni vijijini mkawasikilize wazee wa madarasa ya mwanzo kabla hatujachelewa, maana baadhi yao hawashiki simu.

Madaftari nimekubaliana na Mkuu wa Shule yatolewe stoo wiki hii yapigwe picha. Katibu ana karatasi hapo mezani. Anayewakilisha darasa lake aandike jina na namba ya simu kabla chakula hakijaanza. Ahsanteni sana.